Kutu wa Barazani

Pampu yetu ya maji ilikata roho Januari, wiki ambayo hata mbwa walikataa kutoka kivulini, na hivyo ndivyo nilivyofika Barazani.

Hapa Kadina, mji mdogo wa Australia Kusini, maji ya bomba tunayo kama watu wengine, ila Trevor, mume wangu, mfugaji wa kondoo aliyestaafu, hayataki kwenye chai yake. Chai yake lazima iwe ya maji ya mvua, kutoka kwenye tangi lililo nyuma ya banda. Basi pampu ilipogoma aliizunguka, akaipiga teke, akasema, "Imekufa," akaingia ndani kujilaza. Kwa Trevor hiyo ilikuwa hotuba. Ni mwanamume mwema, simsemi vibaya, lakini hutumia maneno kama mtu anayeogopa yatamwishia kabla ya Jumapili. Mimi nilikuwa na saluni. Miaka yangu yote ya kazi nilisimama nyuma ya vichwa vya wanawake wa mji huu nikisikia nani kanuniana na nani, nani kabadilishiwa dawa ya presha, keki ya nani ilidoda siku ya harusi. Magoti yalipochoka kunibeba nikauza viti na vioo, nikarudi nyumbani kukaa na Trevor na saa ya ukutani. Katika hao wawili, saa ndiyo iliyokuwa msemaji.

Nikaingia mtandaoni kutafuta dawa ya pampu, nikaangukia jukwaa la watu wenye matangi ya maji ya mvua. Mimi naitwa Glenys, lakini nilijiandikisha kwa jina la Mkasi, nikaeleza shida yangu. Chai yangu haijapoa nikajibiwa na mtu anayejiita Kutu.

"Mama Mkasi, fungua kifuniko cha chini uchungulie. Kuna chura."

Nilifungua. Kulikuwa na chura.

"Yupo," nikamwandikia.

"Mzima?"

"Ananiangalia."

"Basi huyo ndiye mwenye nyumba. Mwombe radhi, mhamishe taratibu, suuza chujio, kisha washa. Halafu teremka Barazani, tupo wengi. Huku kwenye matangi hatukai sana, panatia kiu."

Barazani ilikuwa kona ya chini kabisa ya jukwaa, mahali pa kuongea lolote lisilo tangi. Watu walipita juu kwa adabu, wakauliza swali moja la mfereji au la bati, kisha wakateremka huko na kuvua viatu. Kulikuwa na uzi wa kila asubuhi wa kuulizana mmeamkaje. Kulikuwa na uzi wa majirani wanaosahau kutoa pipa la taka. Kulikuwa na uzi wa wale ndege weusi kwa weupe wanaotudonoa vichwa kila Septemba wakilinda viota, na picha za watu wazima wamevaa ndoo kichwani wakienda kuchukua gazeti. Hakuna aliyesema jambo kubwa. Mtu alisema kisu chake cha mkate kimekuwa butu, na watu wakampa pole kama amefiwa.

Mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Soula, mjane wa Kigiriki wa Port Pirie. Aliandika kwa herufi kubwa tupu kwa sababu, alisema, macho yake ni mazee na sisi tutajijua wenyewe. Na mwenye kuchekesha kuliko wote alikuwa Kutu. Jina lake halisi lilikuwa Merv Schirmer, mtu wa ukoo wa Kijerumani, wa Orroroo, kule juu kwenye nchi kavu. Kabla ya kustaafu alikuwa dalali wa mifugo kwenye mnada wa Jamestown, na ukisoma maneno yake ulijua. Yalikuja mbio, moja likikanyaga kisigino cha jingine.

Siku moja niliweka picha ya pasti zangu zikitoka kwenye oveni. Babu zangu walikuja rasi hii kuchimba shaba wakitokea Cornwall, Uingereza, na hicho ndicho chakula walichokuja nacho: unga uliokunjwa, ndani nyama, viazi, vitunguu na tanipu. Mimi huongeza karoti.

"Nini hicho cha rangi ya machungwa?" akauliza Kutu.

"Karoti."

"Wadau, simameni. Mwanamke ametia karoti kwenye pasti. Mwanamke wa Kadina! Bibi yake huko aliko amegeuka akatazama ukutani."

"Mjerumani wa Orroroo ndiye atanifundisha pasti?" nikamjibu. "Rudi kwenye soseji zako."

"Soseji yangu haina karoti, mama, na usiku nalala usingizi."

"KAROTI NI NZURI KWA MACHO," akaandika Soula. "NDIYO MAANA KUTU HAONI ANAPOSHINDWA."

Trevor alinikuta nimeshika mbavu kwa kicheko. Akanitazama, akatazama kompyuta, akaenda zake kumwagilia nyanya. Lakini jioni ile, tukila, aliokota kipande cha karoti kwa uma, akakigeuzageuza, akasema, "Mimi naipenda." Nilijua basi kwamba alikuwa amesoma nyuma ya bega langu.

Mwezi wa Juni moyo wa Trevor ulianza kuruka mapigo, na daktari akasema lazima afunguliwe, huko Adelaide. Tulitoka nyumbani alfajiri kukiwa na ukungu hadi kwenye magurudumu. Walipomchukua kwenye kitanda chenye matairi alinishika kidole gumba, basi, mlango ukafungwa. Mimi nikakaa kwenye korido yenye viti vya plastiki. Sina watoto. Dada yangu yuko Perth na kule kulikuwa bado hakujapambazuka. Nikatoa simu, nikaingia Barazani, nikaandika: "Kuna mtu?"

"Nipo," akaandika Kutu. "Uko wapi?"

"Koridoni. Trevor yuko ndani wanamfungua moyo."

Nilingoja aniambie niwe na nguvu, Mungu ni mwema, madaktari wa siku hizi ni hodari. Kila mtu alikuwa ameshaniambia hivyo hadi nikatamani kupiga kelele. Yeye akaandika:

"Sawa. Nina swali na nataka jibu la kweli. Ukipaka siagi kwenye mkate uliochomwa, unafika hadi ukingoni, au unaacha mpaka?"

Nilitazama ile simu. "Nafika ukingoni," nikaandika.

"Ndiyo maana nakuheshimu. Mke wangu Elspeth anaacha mpaka. Nimeishi na mwanamke wa namna hiyo ujana wangu wote."

Tukaanza. Tulizungumza siagi, tukazungumza jamu, tukafika kwenye chai ya hospitali, ambayo alisema huchemshiwa soksi. Akaniuliza viti vya korido ni vya rangi gani. Nikamwambia kijani. Akasema anavijua, vinang'ata mapaja, nikunje koti nilikalie. Nilikunja koti nikalikalia, na kweli nikapata nafuu. Sikujiuliza alivijulia wapi. Soula akaingia kidogo, akatuma picha ya mshumaa alioniwashia kanisani, akatoka. Kutu hakutoka. Kila nilipokaa kimya aliniuliza kitu kingine kisicho na maana yoyote duniani, na kila mara nikamjibu, mpaka mlango ukafunguliwa na daktari akatoka akivua kofia, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye habari njema.

"Ametoka salama," nikaandika.

"Basi nenda ukamwone, unafanya nini huku na wazee wasio na kazi," akajibu Kutu.

Kwa hiyo Soula alipotoa wazo kwamba tukutane, ana kwa ana, Jumamosi moja ya Machi pale Port Broughton kwenye bustani ya ufukweni, mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilitaka kumkumbatia yule mzee hadi mbavu zilie. Karibu wote wakakubali. Waligawana vyakula, nani alete saladi, nani alete keki, nani alete viti. Kutu peke yake akawa anateleza.

"Siku hiyo mbwa wangu ana mtihani," akaandika.

"Mtihani gani?"

"Wa hesabu. Amesoma sana."

Tulicheka. Nikamwuliza tena baada ya siku chache, akasema gari lake halipendi bahari. Nikamwomba namba ya simu nimbembeleze kwa mdomo, akasema simu yake imemezwa na mbuzi. Hapo sikucheka. Nilikumbuka kwamba wakati wa Krismasi tulipojaribu kuzungumza kwa video, Kutu peke yake hakutokea. Kamera ilikuwa mbovu. Nilikumbuka pia kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumsikia.

Soula naye alikuwa amekumbuka. Binamu yake wa Melbourne aliwahi kupendana mtandaoni na rubani ambaye hakuwa rubani wala hakuwa Melbourne, na tangu hapo Soula hakumwamini mtu asiyeonyesha uso.

"NASEMA WAZI," akaandika mbele ya wote. "MTU ASIYETAKA KUONEKANA WALA KUSIKIKA ANAFICHA JAMBO. KUTU, WEWE NI NANI? MIMI NIMEKUAMBIA HADI JINA LA DAKTARI WANGU WA MENO. KAMA WEWE NI TAPELI UTUAMBIE TUJUE."

Wengine wakaguna, wengine wakamtetea, mmoja akasema hata yeye amekuwa akijiuliza. Ilikuwa mara ya kwanza Barazani kuwa na maneno ya kuumiza. Kutu alijibu neno moja tu, "Poleni," kisha akanyamaza. Kesho yake hakuamka nasi. Siku iliyofuata vilevile. Ule uzi wa asubuhi ukawa kama meza yenye mguu mfupi. Kila kitu kilichowekwa juu yake kilimwagika.

Nilimwandikia kwa faragha. "Merv, mimi sijui wewe ni nani na sitakuuliza. Najua nani alikaa nami koridoni. Njoo Port Broughton. Na usipokuja, bado nitataka kujua umekula nini asubuhi."

Alisoma, niliona kwamba amesoma. Hakujibu.

Jumamosi ilifika na upepo mwanana wa bahari. Trevor aliendesha, pasti zikiwa magotini mwangu zimefungwa taulo. Kwenye bustani, chini ya ile misonobari mirefu inayoelekea gati, tulikuta Soula ameshateka meza mbili na kuzifunika kitambaa. Alikuwa mfupi kuliko herufi zake. Alinibusu huku na huku, akanishika mashavu.

"Mkasi wangu! Mbona mwembamba hivi, huyu bwana hakulishi?"

"Anajilisha mwenyewe," akasema Trevor.

"Kumbe anaongea!"

Watu wakaja, kila mmoja akitaja jina lake la jukwaani kwa aibu kama watoto siku ya kwanza ya shule, kisha lile la kweli. Tulicheka, tulikula, tulilinganisha makovu ya wale ndege wa Septemba. Hata hivyo kulikuwa na pengo, na wote tulilizunguka bila kulitaja. Soula alikuwa anakata jibini kwa hasira.

"Sikutaka aondoke," akaniambia kwa sauti ndogo. "Nilitaka ajibu. Dada, mimi nina mdomo mbaya."

Hapo simu yangu ikalia kwenye mkoba. Ya Soula ikalia. Simu zikalia meza nzima, moja baada ya nyingine. Nilitoa yangu. Barazani kulikuwa na ujumbe mpya.

"Yule mama mwenye kofia ya bluu anatia sukari ya tatu kwenye chai. Na nimehesabu karoti kutoka huku."

Kofia ya bluu ilikuwa yangu. Niliweka kijiko chini. Tuligeuka sote kwa pamoja, kama kondoo waliosikia lango. Ng'ambo ya barabara, chini ya kivuli cha duka la samaki, palikuwa na gari jeupe lenye vumbi jekundu la kaskazini. Mwanamke mrefu mwenye mvi alikuwa ameegemea boneti amekunja mikono. Ndani, upande wa abiria, alikaa mwanamume mpana, na pamoja na jua lile alikuwa amejifunga skafu shingoni.

Nilivuka barabara. Magoti yaliniuma lakini sikuyasikiliza.

Yule mwanamke alinyoosha mkono kabla sijafika. "Mimi Elspeth. Ninayeacha mpaka kwenye siagi." Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka kwa upole. "Tumefika zamani. Anasema turudi. Nimemwambia nimeendesha toka Orroroo, sirudi bila kula, na yeye akitaka atembee."

Niliinama dirishani. Merv alinitazama. Alikuwa na macho ya bluu yaliyopauka, ya mtu aliyeishi akiangalia mbali. Akafungua mdomo kidogo, akaufunga. Kisha akavuta skafu pembeni kidogo tu, nami nikaona. Chini ya koo, pale panapokaa kifungo cha kwanza cha shati, palikuwa na tundu dogo lililozungukwa na kovu, na lile tundu lilikuwa linapumua.

"Saratani," alisema Elspeth nyuma yangu. "Walimtoa sanduku la sauti lote. Ilikuwa hivyo au aende. Kuna kifaa kama tochi, anakiegemeza shingoni kinamtolea maneno, lakini ni sauti ya mashine. Dukani watoto wawili walimcheka. Akakitia kwenye droo. Tangu hapo haongei na mtu yeyote, ila nyinyi."

Merv alikuwa ameshaanza kuandika. Simu ikatetemeka mkononi mwangu.

"Nilikuwa na sauti ambayo ng'ombe walisimama kuisikiliza, Glenys. Kule Barazani ninayo bado. Nikishuka hapa mtaiona haipo, na kesho nikiandika hamtaisikia tena."

Nilisoma mara mbili, maana mara ya kwanza maandishi yalicheza. Nilifungua mlango wa gari.

"Merv Schirmer," nikasema, "nimeleta pasti, zimeanza kupoa, na Soula yuko pale anaua jibini kwa ajili yako. Maneno hayo utayaandika ukiwa umekaa kwenye kiti. Shuka."

Hakusogea. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, mdomo umefunguka, macho yamejaa maji, na pale shingoni pumzi zikatoka fupi fupi. Nilishtuka nikadhani amepaliwa.

"Hapana," Elspeth akasema, naye uso wake ulikuwa umebadilika. "Anacheka. Ndivyo anavyocheka. Kila asubuhi anakuwa hivyo jikoni akisoma ujinga wenu."

Akashuka.

Tulivuka barabara watatu. Watu walisimama. Soula, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alitangulia. Alimtazama Merv, akaitazama skafu, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Mumewe alikufa kwa saratani ya koo. Hilo sikulijua mpaka siku hiyo. Alisimama mbele yake, kichwa kikimfikia kifuani.

"Umeniacha nikuite tapeli mbele ya watu wote," akasema, machozi yakimtiririka. "Ungeniambia! Mzee mbaya wewe. Kaa hapa. Kaa karibu yangu. Unakula nini, unameza vizuri? Elspeth, anameza vizuri?"

"Taratibu, lakini anameza," alisema Elspeth.

Merv aliandika, na simu zote zikalia. "Anameza kila kitu isipokuwa karoti."

Kicheko kilichotoka pale kiliwarusha shakwe kutoka kwenye gati.

Walimkalisha kati ya Soula na Trevor. Kwa muda ilikuwa kazi kidogo. Watu walimsemesha kwa sauti kubwa kana kwamba masikio ndiyo yaliyotolewa, naye akaandika "Sijawa kiziwi, ndugu zangu," wakaona haya, wakashusha. Kisha wakazoea. Mtu alisema, Merv akaandika, simu zikalia, watu wakacheka, mwingine akajibu kwa mdomo. Ilikwenda kama ngoma yenye pigo la kuchelewa.

Nilimmiminia chai. Alikishika kikombe, akakitazama tu. Nikaona Elspeth anataka kuinuka. Trevor akawahi. Alikichukua kile kikombe bila neno, akamimina chai kwenye sahani ya kikombe, akaizungusha taratibu hadi mvuke ukaisha, akairudisha. Mtu asiyepitisha pumzi mdomoni hawezi kupuliza chai. Mimi nisingewaza hilo kamwe. Trevor, miezi ile ya kupona, alikuwa amekaa na wagonjwa wengi katika vyumba vya kusubiri, akitazama.

Merv alikunywa. Akamtazama Trevor, akaandika, akamwonyesha simu yake, maana Trevor hana yake. Trevor alivaa miwani akasoma, "Uso wako naujua. Uliwahi kuja mnadani?"

"Ndiyo," akasema. "Jamestown. Mwaka ule wa ukame." Nikadhani amemaliza. Lakini akaendelea. "Nilileta kondoo majike, wamekonda, unaona mbavu. Nilikuwa najionea haya kusimama karibu nao. Wewe ukapanda ubaoni ukawasifia kama mabibi harusi. Ukasema wana macho ya kuvumilia. Watu wakacheka, bei ikapanda. Sikuja kukushukuru. Nilitaka. Ulikuwa na watu wengi."

Mimi katika ndoa yangu sikuwa nimesikia maneno mengi hivyo yakifuatana. Merv alitoa mkono wake mpana akaufunika wa Trevor, wakakaa hivyo, wazee wawili, wakiangalia baharini.

Ni Soula aliyeharibu, au aliyetengeneza. Ilibaki pasti moja, na mikono mitatu ikaifuata. Akaivuta sinia. "Hapana! Tuna dalali hapa. Iuzwe!"

Niliogopa. Nilimtazama Merv nikaona rangi inamtoka. Akatikisa kichwa. Akagusa shingo yake. Kisha akatulia, akafikiri, na jicho moja likaanza kuwa la mtu mwingine. Akaandika haraka, akasukuma simu mbele ya Trevor, akamgonga bega: soma.

"Mimi?" akasema Trevor.

Akamgonga tena.

Trevor alisimama. Alishika simu mbali na uso, akakohoa. "Mabibi na mabwana," akasoma, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya minyoo. "Mbele yenu... ni pasti jike... ya ukoo bora wa Kadina. Nyonga pana. Kwato safi. Ina kasoro moja ya rangi ya machungwa... ambayo mnunuzi... ataombwa aisamehe."

Merv alipiga meza kwa kijiko: harakisha!

"Nani ananipa chupa ya jamu?" akasoma Trevor, mbio kidogo.

"Jamu ya aprikoti!" akapiga kelele mmoja.

"Jamu jamu jamu, nina jamu, nani ana zaidi, mama mwenye jibini usinikonyeze kama hununui..."

"MAYAI!" Soula aliruka. "Mayai ya wiki mbili na nakuoshea madirisha!"

"Madirisha! Nimepata madirisha! Huyu bwana mwenye kaptura, kaptura hiyo ni ya baba yako au... au umeipata wapi..." Trevor alikuwa mwekundu, anacheka mwenyewe, anakosea, anarudia, Merv anaandika huku mkono mwingine ukipiga kijiko, mabega yanatikisika, na maneno yakitoka kwa sauti ya mume wangu yalikuwa ya Merv, yalikuwa ya Jamestown, mbio, yakikanyagana visigino. Watoto waliokuwa wakivua samaki gatini wakaja kusimama na kutazama. Mmoja akauliza kwa nini yule babu anaandika badala ya kuongea. Mama yake akamvuta. Merv akamwita yule mtoto kwa kidole, akamwonyesha simu, na mtoto akasoma kwa sauti, "Kwa sababu huyu mwenye miwani anahitaji mazoezi."

Soula alishinda. Akaikata pasti mara mbili, akampa Merv nusu. Aliila yote, na karoti zake, polepole, akimtazama Elspeth ambaye alikuwa amegeukia upande mwingine akifuta miwani kwa upindo wa blauzi.

Tangu hapo Barazani ni ile ile. Kutu ni yule yule, na alikosea: bado tunamsikia. Soula anaenda Orroroo kila mwezi kula na Elspeth, na sasa anapiga kelele kwa mdomo na kwa herufi. Kitu kimoja tu ndicho kipya. Agosti iliyopita, nikiwa nakunja nguo, simu ya mezani ililia, ile tunayoiweka kwa ajili ya mapadre na wauza sola. Trevor alikuwa karibu akapokea. Nilisikia kwa mbali, kutoka kwenye kile chombo, mvumo kama wa nyuki ndani ya kopo, sauti ya mashine yenye umbo la maneno. Trevor hakuuliza "Nani?" Alivuta kiti akakaa. Akasikiliza sana. Akasema, "Ehee." Akasikiliza tena. Akasema, "Kwetu bado." Walikaa hivyo hadi nikamaliza shuka zote na foronya.

Alipokata nilimwuliza, "Nani?"

"Merv."

"Anasemaje?"

Trevor alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mvua imenyesha Orroroo," akasema. "Ya kutosha kidogo."